Abebe Bikila: bingwa wa marathoni aliyeanza upya akiwa kitini

Oktoba 25, 1973, mjini Addis Ababa, alifariki dunia mtu ambaye miguu yake ilimpatia Mwafrika mweusi medali ya dhahabu ya Olimpiki kwa mara ya kwanza. Alipofariki, miguu hiyo haikuwa imepiga hatua hata moja kwa zaidi ya miaka minne. Abebe Bikila alikuwa na umri wa miaka 41.

Ethiopia inapakana na Kenya, na katika Afrika Mashariki yote, ambako mbio ndefu ni fahari ya watu, jina la Abebe hutajwa kwa heshima kama la mzee wa ukoo. Wengi humkumbuka kwa picha moja tu: kijana mwembamba, uso umetulia, namba 11 kifuani, akikimbia peku katika barabara za Roma. Masimulizi mengi huishia hapo, kisha huruka hadi kwenye ajali na mazishi. Lakini kati ya ajali na mazishi ipo miaka minne na miezi saba, na katika miaka hiyo Abebe hakuacha kushindana. Makala haya yanamkumbuka kwa pande zote mbili za maisha yake.

Mtoto wa Shewa

Abebe alizaliwa Agosti 7, 1932, katika kijiji cha Jato, mkoani Shewa, katika nyanda za juu za Ethiopia. Kwa desturi ya Waethiopia, jina la pili la mtu si la ukoo bali ni la baba yake; kwa hiyo Bikila ni baba, na mwana mwenyewe ni Abebe. Siku aliyozaliwa, upande wa pili wa dunia, mjini Los Angeles, wanariadha walikuwa wakikimbia marathoni ya Olimpiki ya mwaka huo. Hakuna aliyeweza kujua kwamba kijijini Jato amezaliwa mtu atakayezibadili mbio zile.

Alikuwa mtoto wa mchungaji, na utoto wake ulipita nyuma ya mifugo. Alipenda kucheza gena, mchezo wa jadi wa Ethiopia unaochezwa kwa fimbo na mpira, ambao magoli yake huweza kuwa mbalimbali kiasi cha kilomita kadhaa. Mchezaji wa gena hukimbia sana kuliko anavyopiga mpira, na huenda ndiko mapafu yake yalikoanza kupanuka.

Alikuwa na umri wa miaka mitatu tu majeshi ya Italia chini ya Mussolini yalipoivamia nchi yake mwaka 1935. Vita viliilazimisha familia yake kuhama kijiji kwa muda. Kumbukumbu ya uvamizi huo ni muhimu kwa msomaji, kwa kuwa itarudi baadaye barabarani, tena katika mji mkuu wa wavamizi wenyewe.

Mnamo miaka ya mwanzo ya 1950 Abebe alikwenda Addis Ababa na kujiunga na Kikosi cha Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Inasimuliwa kwamba alikuwa akikimbia kati ya vilima vya Sululta na mji mkuu, kwenda na kurudi, kama mtu mwingine anavyokwenda sokoni. Hapo ndipo alipoonwa na Onni Niskanen, Mswidi mzaliwa wa Finland aliyeajiriwa na serikali ya Ethiopia kuwafunza askari mazoezi ya viungo. Niskanen alikuwa mwalimu wake wa mbio, na baadaye rafiki yake katika siku njema na mbaya.

Usiku wa Roma

Mwaka 1960 Abebe alikuwa askari wa kawaida aliyekuwa ameoa miezi michache tu kabla. Hakuwa na jina nje ya nchi yake. Katika majaribio yaliyofanyika Addis Ababa, mahali palipo na hewa nyepesi, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 21 na sekunde 23, muda uliokuwa bora kuliko rekodi ya Olimpiki ya wakati huo. Ulaya haikutilia maanani.

Alipofika Roma alijaribu viatu vipya, vikambana na kumchubua miguu. Kwa kuwa alikuwa amezoea kufanya mazoezi peku, yeye na mwalimu wake waliamua kwamba atakimbia hivyo hivyo. Baadhi ya watazamaji walimcheka. Waliona umaskini, hawakujua kwamba unyayo ule ulikuwa mgumu na wa kutegemewa kuliko soli yoyote dukani.

Mbio zilianza saa kumi na moja na nusu jioni ya Septemba 10, ili kuwaepusha wanariadha na joto la kiangazi. Zilianzia kwenye kilima cha Campidoglio na zilitarajiwa kumalizikia chini ya Tao la Konstantino, karibu na Koloseo. Niskanen alikuwa amemwonya Abebe amwangalie sana Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, mwenye namba 26. Lakini siku hiyo Rhadi alivaa namba nyingine kabisa. Abebe akaendelea kumtafuta mtu wa namba 26, huku yule anayemtafuta yuko naye bega kwa bega. Waafrika hao wawili waliwaacha wengine wote nyuma, wakaingia pamoja katika barabara ya kale ya Appia, iliyomulikwa na mienge ya askari waliopangwa kando ya njia.

Karibu na mwisho, barabara ilipita mbele ya mnara wa jiwe wa Axum. Mnara huo ulichukuliwa Ethiopia na wavamizi wa Kiitalia mwaka 1937, ukasimamishwa Roma kama ngawira. Abebe alikuwa ameiona njia kabla ya mbio na alijua mnara ulipo. Hapo ndipo alipoongeza kasi, akamwacha Rhadi, na kumaliza peke yake kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Ulikuwa muda bora zaidi duniani, kwa tofauti isiyofika hata sekunde moja. Rhadi alifika sekunde 25 baadaye.

Mwaka ule mataifa mengi ya Afrika yalikuwa yakipata uhuru, na habari za askari peku aliyeshinda Roma zilienea katika bara zima. Mfalme alimpandisha cheo na kumpa nishani. Desemba mwaka huo huo, maofisa wa Kikosi cha Walinzi walipojaribu kuipindua serikali na kushindwa, Abebe naye alikamatwa kwa muda mfupi kwa kuwa alikuwa askari wa kikosi hicho, kisha akaachiwa.

Lipo jambo jingine lililotokea Roma ambalo watu wachache sana wanalihusisha na Abebe. Septemba 18, siku nane baada ya ushindi wake, katika mji ule ule, ilifunguliwa michezo mingine. Wanariadha wapatao 400 kutoka nchi 23 waliingia uwanjani, wote wakiwa katika viti vya magurudumu. Michezo hiyo ndiyo inayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza. Wakati huo shujaa wa Roma alikuwa akishangiliwa kwingine. Hakuwaona wala wao hawakumwona.

Tokyo, na mguu uliogoma

Mwaka 1964, wiki zipatazo tano kabla ya marathoni ya Tokyo, Abebe alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Ilikuwa kidole tumbo. Alipasuliwa, na wengi wakadhani kwamba safari ya Japani imekwisha. Alikwenda. Oktoba 21 alikimbia, safari hii akiwa na viatu, akawaacha wenzake mapema na kumaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Kwa mara nyingine ulikuwa muda bora duniani. Basil Heatley wa Uingereza, aliyekuwa wa pili, alifika zaidi ya dakika nne baadaye. Wakati huo Abebe alikuwa kwenye majani katikati ya uwanja, akinyoosha viungo kana kwamba anajiandaa kuanza mbio na si kwamba amezimaliza. Hakuna mtu aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Novemba ile, Tokyo nayo iliwapokea wanariadha wa viti vya magurudumu. Kwa mara ya pili Abebe alikuwa amekwisha kuondoka katika mji kabla yao kuingia.

Baada ya Tokyo alizawadiwa gari dogo la Volkswagen. Cheo chake jeshini kiliendelea kupanda, hadi hatimaye akawa kapteni. Lakini mwili ulianza kudai. Aliumia mguu mwaka 1967, na alipofika Mexico mwaka 1968 kutafuta ushindi wa tatu, hakuwa mzima. Baada ya kilomita 16 au 17 alijitoa, na mwenzake Mamo Wolde akaendelea hadi akaitwaa dhahabu kwa ajili ya Ethiopia.

Wasikilizaji wanaotoka Tanzania wanazifahamu mbio hizo kwa sababu nyingine. Ndizo mbio ambazo John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti, na bado akaingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa moja baada ya mshindi, akiwa wa mwisho kumaliza. Katika marathoni moja, bingwa wa dunia alikubali kwamba mguu wake hauwezi, na mtu asiyejulikana akakataa kukubali. Zote mbili ni hekima, kila moja kwa wakati wake. Hekima ya kukubali ndiyo ambayo Abebe angeihitaji miezi michache baadaye.

Usiku wa Machi 22

Usiku wa Machi 22, 1969, Abebe alikuwa akiendesha gari lake karibu na Sheno, mji ulio kaskazini mashariki mwa Addis Ababa. Gari lilipinduka na yeye akabanwa ndani. Alikaa humo hadi asubuhi, alipoonwa na kutolewa. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia vibaya. Mtu aliyekimbia kilomita 42 bila kuonyesha uchovu sasa hakuweza hata kugeuza kichwa.

Haukupita muda mrefu akasafirishwa hadi hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Inafaa kueleza kwa nini alipelekwa huko. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mtu aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kuwa maiti anayesubiri siku yake. Vidonda vya kulalia na maambukizi ya figo na kibofu vilimmaliza, mara nyingi kabla ya miaka miwili. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyewakimbia Wanazi kutoka Ujerumani, alianzisha Stoke Mandeville kitengo cha majeruhi wa aina hiyo. Aliagiza wageuzwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana, ili ngozi isioze. Kisha akawatoa kitandani na kuwapa michezo.

Michezo hiyo haikuwa ya kupitisha wakati. Ilikuwa tiba. Upinde na mshale vilipendelewa kwa sababu vinajenga mabega, mikono na mgongo wa juu, yaani viungo vile vile ambavyo mtu aliyepooza miguu huvihitaji ili akae wima, ajisukume kwenye kiti na kujihamisha mwenyewe kutoka kitandani. Mwaka 1948 Guttmann aliandaa mashindano ya kwanza hospitalini hapo, yakiwa na washindani 16. Mashindano hayo ndiyo yaliyokua hadi yakafika Roma mwaka 1960, siku nane baada ya Abebe.

Sasa Abebe mwenyewe alikuwa amefika kwenye chemchemi yake. Alikaa huko miezi minane. Kadi za kumtakia nafuu zilimiminika kutoka pande zote za dunia, na Malkia Elizabeth wa Pili alifika kumjulia hali. Polepole kichwa kiligeuka, kisha mikono ikarudi. Miguu haikurudi. Imesimuliwa kwamba alilipokea jambo hilo kwa imani: aliyempa ushindi alikuwa Mungu, na aliyeruhusu ajali ni Mungu yule yule, basi naye hana budi kuyapokea yote mawili kwa moyo mmoja.

Kwa haki lazima tuseme pia kwamba si kila mtu angepata nafasi hiyo. Abebe alikuwa na mfalme nyuma yake na jina lililofungua milango. Mkulima wa Shewa ambaye angevunjika mgongo usiku ule ule asingepandishwa ndege kwenda Uingereza. Angelazwa kwenye ngozi ya ng'ombe nyumbani, jirani wangemlilia, na huenda asingeuona mwaka wa pili. Tofauti kati ya watu hao wawili haikuwa ujasiri. Ilikuwa matibabu. Anayemsifu Abebe kwa kushinda asiisahau mikono iliyomgeuza kila baada ya saa chache.

Mwanagenzi tena

Jambo gumu kwa bingwa si kushindwa. Kila mkimbiaji amewahi kushindwa. Jambo gumu ni kurudi kuwa mwanagenzi: kukaa mstari wa nyuma, mikono ikitetemeka, kujifunza kitu ambacho wengine wanakifanya kwa wepesi. Abebe alikuwa mtu anayejulikana dunia nzima kwa kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kimeondoka.

Aliushika upinde. Alijifunza pia tenisi ya meza. Julai 1970, mwaka mmoja na miezi michache tu baada ya ajali, alishiriki michezo ya viti vya magurudumu ya Stoke Mandeville, akishindana kwa upinde na kwa tenisi ya meza. Hakuna Tao la Konstantino lililomsubiri, wala mienge barabarani. Palikuwa na uwanja, shabaha, na wanaume na wanawake ambao miguu yao ilikuwa kama yake. Watu wa aina ile ile waliokuwa wameingia Roma na Tokyo baada ya yeye kutoka, sasa alikuwa kati yao.

Aprili 1971 alialikwa Norwei kwenye michezo ya watu wenye ulemavu. Alialikwa kama mgeni wa heshima, yaani akae, apigiwe makofi na kupigwa picha. Hakuridhika na hilo. Alishindana kwa upinde, akashindana kwa tenisi ya meza, kisha akaingia katika mbio za sledi, chombo kinachoteleza juu ya theluji kikivutwa na mbwa. Mtoto wa mchungaji wa Jato, aliyezoea vumbi la nyanda za juu, aliwashinda washindani 16 kwa muda wa saa 1, dakika 16 na sekunde 17. Wanorwei ni watu wanaozaliwa na theluji mlangoni. Ushindi ule haukuwa sadaka ya kumfurahisha mgeni. Saa ndiyo iliyouamua, kama ilivyouamua ule wa Roma.

Ushindi huu hautajwi sana. Labda ni kwa sababu haulingani na namna tulivyozoea kumwona mtu aliyepooza. Katika nyumba nyingi za kwetu, mtu akipoteza miguu huhesabiwa kuwa mgonjwa wa kudumu. Hupewa chumba cha ndani, chakula huletwa, na wageni huulizia hali yake kwa sauti ya chini, kana kwamba hasikii. Hufanywa hivyo kwa upendo, na upendo huo huweza kumfungia mtu kuliko kiti chenyewe. Abebe naye angeweza kufungiwa katika sifa zake za zamani, akawa picha ukutani angali hai. Alikataa. Alitaka apewe namba kifuani na apimwe kwa saa kama wengine.

Ndiyo maana neno kwamba aliushinda ulemavu linahitaji kutumiwa kwa uangalifu. Ulemavu haukuondoka. Hakutembea tena mpaka alipokufa. Alichokishinda ni dhana kwamba mtu mwenye kiti cha magurudumu amekwisha kumaliza mbio zake.

Munich na safari ya mwisho

Mwaka 1972 alialikwa kwenye Olimpiki ya Munich, Ujerumani. Alipoonekana uwanjani katika kiti chake, watu walisimama wakamshangilia. Marathoni ilipokwisha, Mmarekani Frank Shorter, aliyekuwa ametwaa dhahabu, alikwenda kumpa mkono. Mamo Wolde, rafiki yake wa miaka mingi, alipata medali ya shaba. Huo ulikuwa mwaka wa nne wa Olimpiki mfululizo ambao Abebe alikuwapo, na ulikuwa wa mwisho.

Mwaka uliofuata alivuja damu kwenye ubongo, tatizo lililohusishwa na majeraha ya ajali. Alifariki Oktoba 25, 1973, akiacha mke, Yewebdar, na watoto wanne. Alizikwa Addis Ababa kwa heshima zote za kijeshi. Watu wapatao 65,000 walimsindikiza, na Mfalme Haile Selassie akatangaza siku ya maombolezo ya taifa. Haukupita mwaka mmoja mfalme mwenyewe akapinduliwa, na Ethiopia ikaingia katika miaka mingine migumu. Kaburi la Abebe na jina lake vilibaki kuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo Waethiopia wa kila upande waliweza kuviheshimu pamoja.

Baadaye binti yake, Tsige, aliandika kitabu kuhusu maisha ya baba yake. Mjini Addis Ababa uko uwanja wenye jina la Abebe Bikila. Mnara wa Axum, ule alioupita usiku wa Roma, ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005 na kusimamishwa tena mahali pake miaka mitatu baadaye. Mwaka 2010, ilipotimia miaka 50 tangu ushindi wake, Mwethiopia Siraj Gena aliongoza marathoni ya Roma. Alipokaribia mwisho alivua viatu na kumaliza peku, kumkumbuka mzee wake.

Warithi wengine wako karibu nasi zaidi. Baada ya Abebe, ni Waldemar Cierpinski wa Ujerumani Mashariki aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili mfululizo, na kisha Mkenya Eliud Kipchoge, aliyeshinda Rio mwaka 2016 na tena katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Mwaka huo huo wa 2021, katika Paralimpiki ya Tokyo, Tigist Gezahagn, mkimbiaji mwenye ulemavu wa kuona, alishinda mbio za mita 1,500 na kuipatia Ethiopia dhahabu yake ya kwanza ya Paralimpiki. Dhahabu hiyo ilipatikana katika mji ule ambao Abebe aliuaga mwaka 1964, siku chache kabla ya viti vya magurudumu kuingia.

Wazee wetu husema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Abebe Bikila alikuwa na koleo bora kuliko wote waliomtangulia, na likavunjika usiku mmoja barabarani. Walio na ndugu, mtoto au jirani anayeishi na ulemavu wanaweza kuyasimulia maisha haya nyumbani yote kwa ukamilifu wake, bila kuishia Roma. Wasimulie Roma na Tokyo, kisha wasimulie Stoke Mandeville, upinde, meza ya tenisi na sledi ya Norwei. Kisha wamuulize huyo ndugu yao angependa kujaribu nini, na wamsogezee.